Taka Zetu Hulala Pugu

Katika mikutano ya wakazi wa mtaa wetu, ajenda inayokula muda kuliko zote ni taka. Ulinzi shirikishi utajadiliwa, chemba zinazofurika zitajadiliwa, lakini mtu akishasimama na kuuliza gari la taka lilipita lini, basi jua litawazamia hapohapo. Wenye maduka ya chini watasema wanalipa kila mwezi na bado mzigo umelala mlangoni. Wapangaji wa ghorofani watasema takataka nyingi ni za dukani, wao wana ndoo moja ya maganda. Mtendaji atafungua daftari la makusanyo. Mkandarasi, kama amekuja, atasema gari lilikuwa gereji. Nimekaa kwenye mikutano hiyo miaka mingi, kwanza kama mkazi tu, baadaye kama mjumbe wa kamati ya mtaa, na kwa muda mrefu sikusikia mtu akiuliza gari likishajaa linakwenda wapi.

Mchafukoge ni kata ndogo katikati ya Dar es Salaam. Upande mmoja iko Mnazi Mmoja na ng'ambo yake Kariakoo. Upande mwingine mitaa ya Kisutu na njia za kwenda Posta na bandarini. Usiku tunabaki wachache: familia za zamani za Kihindi na Kiarabu, Waswahili wa tangu na tangu, walinzi, na siku hizi wapangaji wa maghorofa mapya. Kukipambazuka mji hugeuka. Wanateremka wafanyabiashara kutoka Mbagala, Kimara na Gongo la Mboto, wanaingia wateja kutoka mikoani, Kongo, Zambia, Malawi na Komoro, na kila bidhaa inayofunguliwa huacha boksi, nailoni na kamba. Jioni bidhaa imekwenda zake na mwenye bidhaa amekwenda zake. Kinachobaki kinakuwa chetu.

Hapo ndipo penye ugumu ambao mgeni hauoni haraka. Wanaozalisha taka za Mchafukoge kwa wingi hupiga kura kwingine. Wanaopiga kura Mchafukoge ni wachache, na diwani anajua hivyo. Na wale wanaozipokea taka mwisho wa safari hawana kiti katika mkutano wetu hata mmoja.

Mji huu ulipangwa kwa kutenga tangu awali. Mpango wa kuwahamishia Waafrika Kariakoo ulianza kuchorwa mwishoni mwa enzi za Mjerumani, na Mwingereza akautekeleza katika miaka ya 1920: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na baina ya Uhindini na Kariakoo likaachwa eneo wazi la Mnazi Mmoja. Hoja iliyotolewa ilikuwa afya. Maradhi yalidhaniwa kuwa ya watu wa aina fulani, na nafasi tupu ndiyo ingeyazuia yasivuke. Uwanja ule baadaye wananchi wakaufanya wao. Ndipo unaposimama Mnara wa Uhuru, ndipo tulipocheza mpira na kusubiri sikukuu. Lakini wazo lililouzaa, kwamba mtaa mmoja husafika kwa kuisogeza hatari hadi mtaa mwingine, halikuondoka na bendera ya mkoloni. Nimeliona likifanya kazi maisha yangu yote, mikononi mwa watu wetu wenyewe, wengi wao watu wema.

Nilikulia katika nyumba ya Msajili. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na baba yangu, karani wa bandarini, akapata vyumba viwili katika moja ya majumba hayo. Juu yetu iliishi familia ya Kihindi iliyokuwamo tangu kabla ya kutaifishwa. Mama wa nyumba ile sisi watoto tulimwita Bibi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na uchochoro mwembamba, uliojengwa makusudi ili wazoaji wapite bila kuonekana barabarani. Katika miaka ya 1980 hakupita mzoaji. Malori ya halmashauri yalikuwa yamekufa moja baada ya jingine, vipuri havikupatikana, mafuta hayakupatikana, na uchochoro ukajaa mpaka karibu na dirisha la jikoni. Jioni tulitumwa kuchoma. Bibi wa juu alitundika khanga mbichi dirishani kuzuia moshi, mama akapanda ngazi kumwomba radhi, na kesho yake moshi ukarudi palepale.

Hakukuwa na mkorofi katika nyumba ile. Kulikuwa na familia nyingi na uchochoro mmoja, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Serikali ilikuwa imezifuta halmashauri za miji katika miaka ya 1970. Ziliporudishwa mwaka 1978 zilirudi zikiwa dhaifu, hazina magari wala fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dar es Salaam ilikuwa ikizoa chini ya asilimia 5 ya taka zake.

Kile kidogo kilichozolewa kilipelekwa Tabata. Na Tabata ndiko alikohamia baba mdogo, baada ya kupata kiwanja na kujenga vyumba vitatu vya matofali ya saruji. Tulikwenda kumtembelea Jumapili. Nakumbuka shangazi mmoja akifunika sufuria la wali kwa sinia, juu ya sinia akaweka kitambaa, na bado nzi walikuwa wengi. Moshi ulikuja na upepo wa jioni. Baba mdogo alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku moja alimwambia baba mbele yetu: "Kaka, moshi ninaovuta hapa ni wa maganda yenu ya mjini." Baba akamjibu kwamba hata mjini tunavuta wa kwetu. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Walieleza habari za moshi, harufu, nzi na maradhi. Mahakama ikakubaliana nao mwaka huohuo. Halmashauri ikaomba muda wa kutafuta pengine, ikapewa, ikaomba tena. Mwaka 1991 ilifika mbele ya Jaji Lugakingira ikiwa na ombi lilelile, na jaji akashangaa waziwazi kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Alikataa, akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Haki hizo zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, na ni kuanzia 1988 tu mwananchi alipoweza kuzidai mahakamani. Yaani mara tu mlango wa haki za msingi ulipofunguliwa, miongoni mwa waliotangulia kuupita walikuwa watu wa kawaida wenye malalamiko ya jalala.

Baba mdogo hakuwa miongoni mwa waliofungua kesi, lakini alichanga nauli za waliokwenda mahakamani. Dampo lilipofungwa alikuja nyumbani kwetu na gazeti mkononi, akalisoma kwa sauti mpaka Bibi wa juu akateremka kusikiliza.

Niliyachukua maneno ya siku ile kama ushindi, na mpaka leo nayachukua hivyo. Lakini fuata lile gari. Kutoka Tabata halmashauri ilikwenda kumwaga Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda Mahakama Kuu, Festo Balegele na wenzake mia kadhaa, nao wakashinda. Mwaka 1992 dampo likatua Vingunguti, ukingoni mwa bonde la Msimbazi, likakaa karibu muongo mzima. Baadaye likahamia Mtoni. Mwishoni mwa miaka ya 2000 likafika Pugu Kinyamwezi, ambako liko mpaka leo.

Majaji walitenda haki. Lakini mahakama ina uwezo wa kusema hapa hapafai. Haina uwezo wa kusema basi taka zipungue, wala nani alipie, wala nani akae karibu nazo na alipwe nini kwa kukaa karibu nazo. Maswali hayo ni ya baraza la madiwani. Na kila baraza lilipoyakwepa, dampo lilisogea mpaka likakutana na watu wasiokuwa na nauli ya kwenda mahakamani.

Dampo lilipokuwa bado Vingunguti, mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi. Mwaka 1994 jiji liliikabidhi kampuni binafsi uzoaji wa taka katika kata 10 za katikati ya mji, na mtaani kwetu magari yakaanza kuonekana tena. Uchochoro wa nyuma ulisafishwa. Tukaona sakafu yake ya saruji ambayo wadogo zangu hawakuwahi kuijua. Mwaka 1996 halmashauri ya jiji ikavunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja. Mwaka 2000 tume ikatupisha, zikaja manispaa tatu, nasi tukawa Ilala. Muundo umebadilika mara nyingi kiasi kwamba watu wengi mtaani hawajui barua ya malalamiko waiandike kwa nani. Kila mabadiliko yalikuja na magari mapya machache na ada mpya. Sina haja ya kuyahesabu yote.

Siku moja katika hayo yote inastahili kutajwa peke yake: Desemba 9, 2015. Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuagiza siku hiyo iwe ya usafi, mwenyewe akatoka Ikulu akaokota taka kuelekea Feri. Mchafukoge nzima ilitoka. Niliwaona wenye maduka ambao tangu nizaliwe sikuwahi kuwaona na fagio, wamekunja suruali, wanazibua mtaro pamoja na makuli wao. Wanawake walileta chai na vitumbua. Tulizibua mitaro iliyokuwa imeziba tangu masika ya nyuma, na nilijisikia mkazi wa mji kwa namna ambayo sikuwahi kujisikia. Kufikia adhuhuri kila kona ilikuwa na kichuguu cha matope, nailoni na chupa. Tukasubiri gari. Jioni tukaendelea kusubiri. Mvua ilinyesha kabla gari halijafika, na sehemu kubwa ya tulichokitoa ikarudi mtaroni.

Nilitoka katika siku ile na funzo ambalo limenisaidia katika kila kikao tangu wakati huo. Kufagia kunaonekana, kunapigwa picha, kunaleta watu pamoja, na ni jambo jema. Kubeba na kutupa hakuonekani na hakuna anayekwenda kukupigia picha. Bajeti na rushwa zinakaa katika kile kisichoonekana, kwa hiyo macho ya wakazi yanatakiwa yakae hukohuko.

Juni 1, 2019 lilikuja katazo la mifuko ya plastiki, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017. Kariakoo watu walisema haliwezekani. Mwenye kukutwa na mfuko alitishiwa faini ya kuanzia shilingi 30,000, mwenye kuzalisha au kuingiza akatishiwa mamilioni, na ndani ya majuma machache rambo zikatoweka mikononi. Kina mama waliouza mifuko kwa bei ya reja reja sokoni walipoteza riziki bila kuandaliwa, na hilo lilikuwa dhuluma. Wengi walirudi baadaye na mifuko ya kitambaa, wengine hawakurudi. Lakini mtaro mbele ya nyumba yangu ulishuhudia tofauti. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu kitu kilizuiwa kabla ya kuwa taka. Mengine yote yalikuwa kuhamisha.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuwasumbua wenzangu kwenye kamati twende Pugu. Mwanzoni walidhani nataka posho ya safari. Mwenyekiti wetu, mtu mzima mwenye duka la vitenge, alisema: "Mwalimu, mtu haendi kutazama choo cha jirani." Nikamwambia choo kile ni chetu, Mzee, jirani ametuazima uwanja tu. Alicheka, akakubali. Tulikwenda yeye, mimi, mwenye mgahawa mmoja wa mtaani na kijana anayekusanya maboksi kwa guta, tukiwa nyuma ya gari letu la taka ili tuone njia nzima.

Njia ni ndefu, zaidi ya kilomita 25 kutoka Mnazi Mmoja, na foleni ya Barabara ya Nyerere inaifanya ndefu zaidi. Nilielewa palepale kwa nini gari linalopaswa kwenda mara mbili kwa siku linakwenda mara moja. Tulipoacha lami, magari yalikuwa yamepanga mstari yakisubiri zamu. Halafu kile kilima. Kunguru juu, moshi ukifuka mahali hapa na pale bila mtu kuuwasha, na wanaume, wanawake na vijana wenye vyuma vilivyopinda ncha wakichokoa kila shehena inapomwagwa. Gari letu lilipoinua bodi, kijana wetu wa guta alianza kuzitambua nembo za maboksi. Maboksi yaliyokauka mtaani, ambayo angeyauza kwa kilo, sasa yalikuwa yamelowa mchuzi na maji ya samaki, hayafai kwa yeyote. Mwenye mgahawa alisimama kimya akitazama mchuzi wake.

Kando ya njia kulikuwa na mama anauza chai. Alitukaribisha vizuri, akatufutia benchi. Alipojua tunatoka mjini alisema: "Watu wa huko hatuwajui, tunaijua mizigo yenu tu." Tukamwuliza hali. Akasema kiangazi ni moshi, usiku watoto wanakohoa. Masika ni maji meusi yanayoteremka upande wa visima, na magari yakikwama barabarani yanamwaga yalipokwama. Halafu akasema neno lililomnyamazisha mwenyekiti wetu njia nzima ya kurudi: "Gari lenu likiharibika nyie mnapiga simu. Sisi siku hiyo tunalala."

Nimefikiria sana juu ya ile kauli. Katika mkutano wetu, gari kuharibika ni dharura inayowafanya watu wazima wagombane. Mwisho wa njia ileile, ni usiku wa mapumziko. Na wote tuko ndani ya Ilala. Tabata ni Ilala, Vingunguti ni Ilala, Pugu ni Ilala. Tangu Februari 2021, ilipovunjwa halmashauri ya jiji ya zamani na Ilala kupandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam, ushuru wa maduka ya Kariakoo na moshi wa Pugu uko chini ya baraza moja. Diwani wa Mchafukoge na diwani wa Pugu wanakaa ukumbi mmoja, wanapigia kura bajeti moja. Hakuna serikali ya mbali ya kulaumiwa. Jambo hili linaweza kumalizwa na watu wanaofahamiana.

Linatakiwa kumalizwa mapema vilevile. Agosti 10, 2024, kilima cha taka cha Kiteezi, dampo la jiji la Kampala, kiliporomoka baada ya mvua kubwa na kufukia nyumba. Walikufa watu zaidi ya 30. Machi 2017 huko Addis Ababa, dampo la Koshe liliporomoka na kuua zaidi ya 100. Waliokufa walikuwa wakazi wa jirani na watu wanaoishi kwa kuokota. Kampala walijua Kiteezi imejaa miaka mingi kabla. Nairobi walitangaziwa mwaka 2001 kwamba Dandora imejaa, na magari yanaendelea kupanda. Kilichokosekana si taarifa. Wenye kupiga kelele mjini walikuwa wanapata walichokitaka, yaani gari lilipita.

Hata mwenye kujifikiria yeye tu hana pa kujificha. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unapita Vingunguti palipokuwa dampo la zamani, unapita Jangwani na kuingia baharini kwenye Daraja la Salenda. Kutoka kwetu mpaka Jangwani ni mwendo mfupi wa miguu. Desemba 2011 bonde hilo lilifurika, zaidi ya watu 40 wakafa katika jiji, na familia nyingi za Jangwani zikahamishiwa Mabwepande. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016, karakana yake ikiwa Jangwani, kila masika kubwa mabasi yakawa yanaondolewa na Barabara ya Morogoro inafungwa. Sasa bonde lina mradi mkubwa wa fedha za mkopo, wenye daraja jipya la Jangwani, refu kuliko lile la zamani. Nafurahi. Lakini mchanga na chupa zinazoziba makalvati zinatoka kwenye mitaro yetu na ya wenzetu wa juu, na daraja halizioni.

Tuliporudi kutoka Pugu tuliitisha mkutano. Mwenyekiti ndiye aliyesimama kueleza, si mimi, na nadhani ndiyo maana watu walisikiliza. Yaliyofuata yalikuwa ya polepole na yenye maudhi. Tulikubaliana maboksi na chupa zitengwe mlangoni na zichukuliwe na vijana wa guta jioni, kabla gari halijapita. Migahawa ikatafutiwa wafugaji wa ng'ombe wanaochukua maganda ya ndizi, viazi na mihogo. Gari likaombwa lipite usiku, maduka yakishafungwa na njia ikiwa nyeupe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ile inayompa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, inaziagiza serikali za mitaa zipunguze taka na kuhakikisha zinatenganishwa zinapozalishwa. Kwa hiyo hatukuwa tunavumbua kitu. Tulikuwa tunatekeleza, kwa kuchelewa, kilichokwisha kuandikwa.

Ugumu ulitoka kusikotarajiwa. Vijana wa guta walikamatwa na mgambo. Hawakuwa na vibali, na tuliambiwa guta barabarani mchana ni kosa. Mmoja wao alikuja kwenye kikao akasema, bila kupandisha sauti: "Mwalimu, humu ndani mnatuita wadau, nje tunaitwa wahuni. Mchague jina moja." Ilibidi mtendaji aandike barua, afisa afya wa kata aigonge mhuri, vijana wavae vizibao vyenye jina la mtaa, na bado tukaitwa kituoni zaidi ya mara moja kuwadhamini. Naamini kazi ile ya barua na mihuri ilikuwa na faida kwa mazingira kuliko miti yote niliyowahi kupanda na wanafunzi wangu, na ninaipenda ile miti.

Wapo waliopinga kwa haki. Mama mmoja mjane wa ghorofa ya nne aliuliza kwa nini apandishe na kushusha ndoo mbili badala ya moja, wakati lifti haijafanya kazi tangu mumewe alipokuwa hai. Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa. Watoto wa jirani ndio wanaomshushia, na mpango unaotegemea hisani ya watoto ni mpango dhaifu. Lifti ile ni suala la mazingira sawa na mtaro. Mwenye duka mwingine alisema akitenganisha anafanya kazi ya mkandarasi, basi apunguziwe ada. Huyu alikuwa na hoja nzuri kuliko sote. Ada yetu hupangwa kwa ukubwa wa biashara na haiangalii umetoa mzigo kiasi gani, hivyo mwenye kupunguza taka analipa sawa na mwenye kumwaga. Mpaka leo hatujaweza kuibadilisha, maana viwango haviamuliwi mtaani.

Tulichoweza kukibadilisha ni karatasi ya mapato na matumizi. Zamani ilisomwa harakaharaka mwisho wa mkutano, watu wakiwa wanatafuta viatu. Sasa inabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa: kilichokusanywa, aliyelipa na asiyelipa, safari za gari. Juma la kwanza kulikuwa na ugomvi mkubwa, kwa kuwa majina ya wasiolipa yalikuwa ya watu wanaoheshimika. Juma la pili wakalipa. Safari za gari zimepungua kwa sababu mzigo umepungua, na mkandarasi mwenyewe anakiri kwamba mafuta anayookoa ni mengi.

Kuna maombi mawili tuliyoyaandika na kuyapeleka kwa diwani, yakiwa na saini za wenye maduka na wapangaji pamoja. La kwanza ni kwamba karatasi yetu ionyeshe pia uzito unaofika dampo kutoka kata yetu, ambao hupimwa au unapaswa kupimwa getini. La pili ni kwamba sehemu ya ada inayokusanywa katikati ya mji itengwe moja kwa moja kwa ajili ya majirani wa Pugu Kinyamwezi: udongo wa kufukia kila siku, barabara inayopitika masika, maji ya bomba kwa wanaotegemea visima vya chini ya kilima. Ombi la kwanza tumejibiwa kwamba linafanyiwa kazi. La pili halijajibiwa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulituletea sura mpya katika kamati, nao wakakubali kuliandika upya na kuliweka kuwa ajenda ya mwanzo ya mkutano ujao wa wakazi, kabla ya swali la gari limepita lini. Diwani amealikwa. Yule mama wa chai naye amealikwa, aje aseme mwenyewe mbele ya wenye maduka kile alichotuambia kwenye benchi, na nauli yake tumekwisha kuichanga.